Ini lenye mafuta: kabla ya kukubali kuingia kwenye utafiti

Altrasaundi niliyofanyiwa Malindi imeonyesha ini lina mafuta. Inatosha kuniingiza kwenye utafiti wa dawa?

Haitoshi. Altrasaundi huonyesha mafuta, haisemi ini limeota makovu kiasi gani. Makovu hupangwa kuanzia F0 (hakuna kovu) hadi F4 (ini limejaa makovu, yaani sirosisi), na tafiti nyingi za dawa hutafuta watu wa F2 na F3. Mwombe daktari akupigie hesabu ya FIB-4, ya kukadiria makovu, inayotumia umri, vimeng'enya vya ini AST na ALT, na idadi ya chembe sahani za damu. Ikiwa chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo.

Kipimo cha ugumu wa ini, ambacho nacho hukadiria makovu, huchukua dakika chache tu, lakini uende hujala kwa saa 3. Chai ya maziwa na mahamri mawili yanatosha kupandisha namba.

Watanichuja kwa nini?

Hepatitisi B, sukari isiyodhibitiwa, uzito uliopanda au kushuka ghafla. Kisha pombe, na hapa ndipo wengi huficha. Mnazi ni pombe, hata ule wa jioni moja moja. Taja pia muguka na dawa za miti shamba. Ukificha, halafu vimeng'enya vikipanda katikati ya utafiti, watadhani ni dawa inayojaribiwa ndiyo iliyokudhuru, na wewe utasimamishwa.

Biopsi, yaani kutolewa kipande cha ini kikapimwe, ikoje?

Baada ya ganzi, sindano hupitishwa kati ya mbavu za kulia na kutoa kipande chembamba cha kama sentimita 2. Utalala saa kadhaa ukipimwa presha na mapigo ya moyo. Bega la kulia huweza kuuma. Kuvuja damu ni nadra, ila hutokea, kwa hiyo sema mapema kama unatumia aspirini au warfarini. Usiziache kwa uamuzi wako. Anayetoka Lamu asipande basi siku hiyohiyo. Alale mjini, karibu na hospitali.

Nikiangukia kundi la dawa bandia (kidonge kisicho na dawa ndani), si nimepoteza muda?

Hilo linawezekana, maana makundi hupangwa kwa bahati nasibu na mara nyingi hata daktari hajui nani kapata nini. Ndivyo resmetirom, dawa ya ini lenye mafuta, ilivyopimwa kabla ya kuidhinishwa Marekani Machi 2024. Punguza uzito vilevile: mwenye kilo 90 akipunguza asilimia 7 hadi 10, yaani kilo 6.3 hadi 9, ini hupata nafuu bila kidonge chochote.

Mama hajui kusoma. Atatiaje sahihi?

Asomewe fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha aweke kidole gumba. Ombeni nakala. Humo muwe na kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) na, kwa dawa, idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iko Kilifi miaka mingi na watu wameizoea. Mtu kulitaja jina hilo tu si kibali. Akidai ada ya kujiandikisha, ondokeni.

Naweza kujitoa?

Wakati wowote, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Waarifu tu kabla ya kuacha vidonge, ili wakutoe damu ya mwisho na kukuambia kama dawa hiyo huachwa mara moja au kidogo kidogo.