Dawa kuingiliana si dawa kugombana

"Hizo dawa zinagombana, acha moja." Maneno haya utayasikia sana dirishani pa duka la dawa, na inayoachwa mara nyingi ni vidonge vya kuongeza damu vya mama mjamzito anayetumia pia levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo.

Mwingiliano maana yake kitu kimoja kubadilisha utendaji wa dawa nyingine. Basi. Tatizo ni kwamba watu hudhani kila mwingiliano ni wa namna moja. Zipo dawa zinazokutana kwenye ini au kwenye damu, na hizo hata ukizipishanisha asubuhi na jioni bado huweza kukutana. Chuma, kilichomo kwenye vidonge vya kuongeza damu, na levothairoksini hukorofishana kwenye njia ya chakula tu. Chuma huinasa dawa kabla haijafyonzwa na utumbo mwembamba, nayo ikatoka na choo. Kalsiamu hufanya vivyo hivyo, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu pia. Hakuna sumu inayotengenezwa, wala tumbo halikuumi. Wiki kadhaa baadaye kipimo cha TSH (homoni inayoihimiza tezi; ikipanda ni dalili kwamba dawa haitoshi) kinapanda, na daktari asiyeuliza unameza saa ngapi anaongeza dozi.

Kwa hiyo hapa kinachotakiwa ni nafasi: dawa ya tezi asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai (ya maziwa ina kalsiamu, tusijidanganye), kisha chuma au kalsiamu zikishapita saa 4 tangu umeze dawa ya tezi.

Halafu kuna hili la "madini". Kwa kuwa tumezoea kusoma "madini joto" kwenye pakiti za chumvi, na kuambiwa shingo huvimba kwa kuyakosa, wengine huamini kila kidonge cha madini kinaisaidia dawa ya tezi. Madini joto ni iodini, na dawa yenyewe tayari inayo: atomu 4 katika kila molekuli. Chuma ni madini mengine kabisa.

Mjamzito huyo anazihitaji zote mbili, chuma na dawa ya tezi, tena dozi yake ya tezi mara nyingi hulazimika kupandishwa. Akiambiwa zinaingiliana, aulize zipishane kwa saa ngapi. Na kopo la multivitamini aligeuze asome nyuma: mengi yana chuma na kalsiamu, kwa hiyo nayo yangoje mchana.