Pensi ya kwanza ya kujishonea: anza na msamba

Chukua pensi yoyote ya lastiki inayokukaa vizuri, iwe ya dukani au ya mtumba. Ikunje katikati, mguu juu ya mguu, uilaze mezani uinyooshe. Sasa tazama pale miguu inapogawanyika. Upande wa nyuma umechomoza kuliko wa mbele, na juu kiunoni nyuma imepanda wakati mbele imeshuka. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokuwezesha kukaa, kuchuchumaa na kupanda bodaboda bila pensi kukubana msambani wala kukushuka mgongoni.

Karibu kila anayekuja kwangu kujifunza akiwa ameshajaribu nyumbani huwa amekata vipande vinne vinavyofanana, mbele sawa na nyuma. Video nyingi za mtandaoni zinafundisha hivyo kwa sababu ni rahisi. Kwa mtoto mdogo inapita, maana makalio yake bado hayajajaa. Kwa mtu mzima haipiti. Akisimama anapendeza, akikaa tu kiuno cha nyuma kinateremka na mshono wa msamba unaanza kulia. Kwa hiyo makala hii nimeiegemeza zaidi kwenye ukataji. Kushona kwenyewe ni mistari michache iliyonyooka.

Kitambaa kwanza. Huku Dar es Salaam, Desemba mpaka Machi, kitu pekee ninachomshauri mtu avae mapajani ni pamba, yaani kitenge cha pamba au poplini, au kitani ukikipata. Wauzaji wengi watakuambia ni pamba tupu. Omba uzi mmoja kutoka kwenye ukingo uliokatwa, uuwashe kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa kibanio, mbali na kitambaa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika. Ukiona uzi unayeyuka na kuganda kijidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliyesta au imechanganywa, na saa nane mchana utaijua. Kanga ni laini na inapitisha hewa, ila ni nyepesi mno kwa msamba wa mtu mzima. Iache kwa pensi ya kulalia. Satini na vitambaa vinavyovutika pia viache kwa sasa, vitakukimbia chini ya mkasi.

Yadi moja na nusu ya kitenge inatosha watu wengi. Kabla ya kukikata kifue, kianike, kipige pasi. Kitenge kipya kina ugumu wa kiwandani na pamba hurudi ikifuliwa. Bora irudi sasa kuliko baada ya kuishona.

Vipimo unavyohitaji ni vinne. Kiuno, pale unapotaka lastiki ikae. Makalio, pale palipojaa zaidi, futi kamba ikiwa imelala bila kubana. Urefu unaoutaka chini ya msamba. Na kipimo ambacho wengi hawakijui, kina cha msamba. Hiki hupimwa ukiwa umekaa. Kaa kwenye kiti kigumu, nyooka, funga kamba kiunoni, kisha pima ubavuni kutoka kwenye kamba mpaka kwenye kiti. Sofa haifai, maana inabonyea na kukuongezea inchi ambazo huna.

Tuchukue mtu mwenye makalio inchi 40, kiuno 34, kina cha msamba 10½, na anataka inchi 6 chini ya msamba. Tafuta karatasi kubwa, hata magazeti yaliyogundishwa.

Kipande cha mbele: gawa makalio kwa nne upate 10, ongeza 1 ya nafasi, iwe 11. Kina cha msamba ongeza 1, iwe 11½. Chora mstatili wa upana 11 na urefu 11½. Upande mmoja ndio ubavu, wa pili ndio katikati ya mwili. Kwenye kona ya chini ya upande wa katikati, toka nje kwa inchi 2, weka nukta. Kisha panda juu kutoka konani inchi 3 kwenye mstari wa katikati, na uchore mviringo mlaini kutoka hapo mpaka kwenye ile nukta. Kutoka kwenye nukta teremka inchi 6, ukiingia ndani nusu inchi unapofika chini. Shusha na ubavu inchi 6, unga mstari wa chini. Mbele imekwisha.

Kipande cha nyuma huanza na mstatili uleule, lakini hapa usiwe na haraka. Konani toka nje inchi 4, si 2. Juu, upande wa katikati, ingia ndani inchi 1 kuelekea ubavuni, halafu panda inchi 1½ juu ya mstatili. Unga nukta hiyo na ubavu kwa mstari wa mshazari. Hicho ndicho kiuno cha nyuma. Kutoka nukta hiyo ya juu shuka kwa mshazari, na unapokaribia chini pinda taratibu mpaka kwenye nukta ya inchi 4. Mguu uteremshe inchi 6 kama ulivyofanya mbele. Mviringo wa nyuma ni mrefu na umelala zaidi kuliko wa mbele. Ukiviweka vipande viwili pamoja uone vinafanana, kuna mahali umekosea, rudia. Mshono wa ndani ya paja wa mbele na wa nyuma lazima ulingane urefu, kwa hiyo vipime vyote viwili kabla ya kukata.

Zile inchi 4 zinapita chini ya mwili na kuungana na zile 2 za mbele. Inchi 1½ ya juu ndiyo akiba ambayo makalio huivuta unapoinama. Mtu mwenye makalio makubwa anaweza kuipandisha mpaka 2.

Sasa zungushia nafasi ya mshono nusu inchi pembeni zote. Juu ongeza inchi 1¾ kwa ajili ya njia ya lastiki, chini inchi 1½ kwa pindo. Kunja kitenge kwa urefu, uso kwa uso, kingo mbili zenye maandishi zikutane. Laza karatasi ubavu ukiwa sambamba na ukingo huo, mbele na nyuma zikifuatana na zote zikitazama juu, ili maua au ndege wa kitenge wasije wakasimama kichwa chini mguu mmoja. Ukikata kitambaa kilichokunjwa unapata mbele mbili na nyuma mbili kwa mara moja.

Kama unataka mfuko wa kubandika nyuma, ushone sasa, kipande kikiwa bado bapa.

Kwa kitenge weka sindano namba 14. Jaribu mshono kwenye kipande cha mabaki kwanza. Uzi wa juu ukionekana chini, au wa chini ukijitokeza juu, rekebisha kabla hujagusa pensi. Chukua mbele moja na nyuma moja, uso kwa uso, shona ubavu, kisha shona ndani ya paja. Umepata mguu mmoja. Fanya na wa pili. Geuza mguu mmoja uso utoke nje, uuingize ndani ya mwenzake ambao bado haujageuzwa. Nyuso zitakutana, na mbele yako utakuwa na mviringo mmoja mrefu kuanzia kiuno cha mbele mpaka kiuno cha nyuma. Kutanisha kwanza mishono miwili ya ndani ya paja, ipige pini, ndipo ulinganishe huku na huku.

Shona mviringo huo bila kuuvuta. Sehemu hiyo imekatwa mshazari, ukiivuta inalegea na haitarudi. Ukimaliza, pita tena na mshono wa pili nje kidogo ya wa kwanza, kisha punguza kitambaa kilichobaki kwenye sehemu ya chini kabisa ya mviringo kiwe robo inchi, kwa sababu kikiachwa kipana kinajikunja na kukwaruza mapaja. Mshono wa pili si hiari. Suruali na pensi nyingi zinazoletwa kwangu kurekebishwa zimechanika hapohapo.

Kingo za ndani zitafumuka kama hukuzikinga. Mashine nyingi za umeme zina mshono wa zigizagi, upitishe ukingoni. Cherehani nyeusi ya kukanyaga hushona mstari ulionyooka tu, kwa hiyo mpelekee fundi mwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, mtaani kwako akupigie. Ni kazi ya dakika chache. Mwambie apite ukingoni tu, asikate ndani ya mshono wako.

Kiunoni, kunja nusu inchi ndani, piga pasi, kunja tena inchi 1¼, piga pasi, shona karibu na ukingo wa chini ukiacha uwazi wa inchi 2 nyuma. Lastiki iwe ya upana wa inchi moja. Kwa kiuno cha 34, kata 32, lakini izungushe kiunoni uisikie kwanza, maana kuna lastiki ngumu na kuna legevu. Ipitishe kwa pini kubwa ya kufungia, pandanisha ncha mbili inchi moja, zishone kwa mshono wa kwenda na kurudi, kisha ziba uwazi. Sambaza mikunjo sawasawa na upige mshono mfupi wa wima juu ya lastiki katika kila ubavu. Bila hivyo lastiki itajipindua ndani ikishafuliwa.

Pindo la chini liache mwisho. Vaa pensi, tembea, chuchumaa, kaa kwenye kile kiti kigumu ulichopimia. Kiuno cha nyuma kikishuka ukikaa, nyuma inahitaji kupanda zaidi: ongeza nusu inchi juu ya karatasi ya nyuma kwa pensi ijayo, na hii ya sasa unaweza kuiokoa kwa kupunguza upana wa njia ya lastiki upande wa nyuma. Ikibana ndani ya mapaja, ile 4 ya nyuma iwe 4½. Kitambaa kikilundikana mbele chini ya tumbo, punguza mbele kiunoni nusu inchi katikati, ukiipunguza taratibu mpaka sifuri ubavuni. Andika marekebisho hayo kwenye karatasi yenyewe kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe na jina la mwenye vipimo, ndipo ukunje pindo, upige pasi na kushona.