Jeni ile ile, umbo jipya: samaki hupataje sifa wasizokuwa nazo?

Wengi hudhani kwamba samaki akipata sifa mpya, basi amepata na jeni mpya. Hilo hutokea, ila kwa nadra. Mara nyingi jeni ni ya zamani, na kilichobadilika ni mahali na wakati inapofanya kazi. Mfano uliochunguzwa kwa kina zaidi ni wa samaki mdogo anayeenea kiganjani, Gasterosteus aculeatus.

Baharini, samaki huyu ana miiba mitatu mgongoni na miwili tumboni, iliyojishikiza kwenye mifupa ya nyonga. Barafu kuu ilipoyeyuka, yapata miaka 10,000 hadi 12,000 iliyopita, baadhi yao waliingia kwenye maziwa mapya ya maji baridi (yasiyo na chumvi) huko kaskazini mwa dunia. Katika baadhi ya maziwa hayo, wazao wao wa leo hawana miiba ya tumboni wala nyonga kamili.

Jeni inayohusika huitwa Pitx1. Ukilinganisha sehemu yake inayotoa maelekezo ya protini, kwa samaki mwenye miiba na asiye nayo, utakuta protini ni ile ile. Kilichopotea ni kipande cha DNA kilicho pembeni ya jeni, chenye herufi mia kadhaa tu. Kipande hicho ni swichi: huiwasha Pitx1 kwenye nyonga wakati kiinitete kinakua. Swichi zinazoiwasha jeni hiyo sehemu nyingine za mwili, kama vile taya, ziko mahali pengine na hazikuguswa.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Pitx1 ikizimwa mwili mzima, madhara hayaishii kwenye nyonga: panya wasio nayo huzaliwa na kasoro za taya na miguu ya nyuma, na hufa mapema. Swichi moja ikikatika, samaki hukosa miiba lakini hula, hukua na kuzaa. Ndiyo maana uteuzi asilia hukubali mabadiliko ya swichi kwa urahisi kuliko uharibifu wa jeni nzima. Tena eneo hilo la DNA ni dhaifu, hukatika kwa wepesi, kwa hiyo maziwa tofauti yamepoteza swichi ile ile kila moja kivyake.

Ushahidi huanzia kwenye uzazi. Watafiti humzalisha samaki mwenye miiba na asiye nayo, kisha huzalisha watoto wao kwa wao. Wajukuu, ambao inafaa wawe mamia, hutoka mchanganyiko. Hapo hutazamwa ni kipande gani cha DNA kinachoambatana na kukosa miiba. Wajukuu wakiwa wachache, eneo linalopatikana huwa pana, lenye jeni nyingi, na ni rahisi kuinyooshea kidole isiyohusika. Kwa sababu hiyo uambatano peke yake hautoshi. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi iliyofunga hoja: swichi kutoka kwa samaki wenye miiba iliunganishwa na Pitx1, ikaingizwa kwenye mayai ya wasio na miiba, nao wakaota nyonga na miiba. Kazi ya aina hii hufanywa yai likiwa bado seli moja. Ukichelewa, seli nyingine hupata DNA na nyingine hukosa, na samaki huyo hawezi kutoa jibu la kuaminika.

Magamba ya mifupa ya samaki huyo huyo yana habari nyingine. Wa baharini huwa na zaidi ya 30 kila ubavu, wa maziwani wachache sana, na jeni kuu hapo ni EDA. Nakala yake ya “magamba machache”, yaani toleo la jeni hiyo linaloleta magamba machache, ni ya kale kuliko maziwa yenyewe. Husafiri baharini ndani ya samaki wachache, na ikifika maji baridi huenea haraka. Haikuhitaji kusubiri badiliko jipya litokee.

Akiba ya namna hiyo, ya nakala za kale, ndiyo iliyowapa nguvu furu, samaki wadogo wa jamii ya sato, wa Ziwa Victoria. Ziwa lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo zimechipuka spishi zinazokadiriwa kufika 500. Muda huo ni mfupi mno kwa kila sifa kuanza upya. DNA yao inaonyesha kwamba mababu walitoka katika nasaba mbili zilizochanganyika, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu, kila moja na nakala zake za jeni.

Mojawapo ya jeni hizo ni LWS, jeni ya protini ya jicho inayopokea mwanga wa upande wa rangi nyekundu. Katika maji ya ziwa hili, ukishuka chini mwanga wa buluu hupotea mapema, hubaki wa njano na nyekundu. Furu mwenye jina la kisayansi Pundamilia nyererei (si mnyama punda milia), ambaye dume lake ni jekundu, huishi chini kidogo na hubeba nakala inayoona vizuri mwanga mwekundu. Furu mwenzake, Pundamilia pundamilia, dume la buluu, hukaa karibu na uso wa maji na ana nakala nyingine. Majike huchagua dume kwa rangi, na hilo huzitenganisha spishi hizi mbili ingawa zinaweza kuzaliana.

Utengano huo unategemea maji maangavu. Mbolea na udongo vinapotiririka ziwani na kuyachafua, tofauti ya mwanga kati ya juu na chini hubanwa kwenye mita chache, majike hushindwa kuzitofautisha rangi vizuri, na mahali penye matope mengi spishi mbili huzaliana hadi kuwa moja yenye madume ya rangi za katikati.