Jua kuchelewa kuzama haimaanishi mchana umerefuka

Hii mada inachanganya wengi, na mimi naona chanzo ni kimoja tu, tunachukulia saa ya jua kuzama na urefu wa mchana kama kitu kimoja. Ni viwili, na kila kimoja kinaenda kivyake.

Kuna wanaosema kwenye ikweta jua linazama saa ileile mwaka mzima. Hapana jamani. Kisichobadilika ni urefu wa mchana, masaa 12 na dakika 7 hivi kila siku, ila saa yenyewe ya kuzama inahama. Mwanzoni mwa Novemba linazama mapema kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, halafu linaanza kujivuta kidogo kidogo mpaka ikifika katikati ya Februari limesogea karibu nusu saa nzima. Mtu anaona jioni bado kweupe anasema siku zimerefuka, kumbe hajaangalia upande wa asubuhi, manake nako linachelewa kuchomoza kwa kiasi hichohicho kwahiyo ukijumlisha hamna kilichoongezeka.

Kwa nini? Saa ya ukutani inahesabu masaa 24 kamili lakini jua halina habari na saa yetu. Tangu lifike juu kabisa leo mpaka lifike tena juu kabisa kesho, ukienda mwishoni mwa Desemba inachukua masaa 24 na sekunde kama 30. Kipindi hicho dunia inakaribia kuwa karibu zaidi na jua kwahiyo inakimbia zaidi kwenye njia yake, na ule mwinamo wake, yaani dunia inajizungusha ikiwa imelala upande kidogo, nao unachangia, basi inabidi ijizungushe kidogo zaidi ndo jua lirudi palepale. Sekunde 30 unaweza kuzidharau, ila zinarundikana siku baada ya siku.

Ndo hizohizo zinazovunja dhana nyingine, kwamba kule kaskazini siku fupi kuliko zote, Desemba 21 au 22, ndo jua linazama mapema zaidi. London linazama mapema zaidi kama Desemba 12, saa 9 na dakika 51 alasiri, na asubuhi yenye giza refu kuliko zote inakuja mwisho wa mwezi, jua linachomoza saa 2 na dakika 6. Siku fupi iko katikati ya hizo mbili.

Halafu wale wa "majira yanatokana na umbali wa jua". Dunia iko karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, milioni 152, na Januari ndo kaskazini kuna baridi! Majira yanatokana na mwinamo wa digrii 23.4, basi.

Dhana ya mwisho ni kwamba Machi 20 na Septemba 22 au 23 usiku na mchana vinalingana sawasawa. Hapana, mchana unazidi kwa dakika kadhaa. Siku ukipata nafasi angalia jua linavyozama baharini, lile duara jekundu likianza tu kugusa maji, kwa hesabu karibu lote limeshashuka chini ya upeo, hewa ndo inapinda mwanga wake unaendelea kuliona. Na tunasema limezama pale tu ukingo wa juu unapopotea, sio katikati yake, kwahiyo hapo tena mchana unaongezewa.