Baiskeli ya kukunja ya magurudumu makubwa: uliza kwanza imekatwa wapi

Wiki jana kaja kijana hapa karakana na simu mkononi, anionyesha picha ya baiskeli ya kukunja, vigurudumu vidogo, ikikunjwa yaingia ata chini ya meza, ati "fundi, hii yanifikisha Kwale?" Nkamwambia Kwale yakufikisha bwana, si lami mpaka mjini. Kumbe yeye lami haitaki, ataka zile njia za ndani za vumbi jekundu na changarawe, alafu akichoka aikunje apande matatu mpaka Likoni, avuke na feri arudi kwao Majengo. Haya, hiyo ni kazi nyengine kabisa, nkamvutia kiti akakaa.

Naanza na gurudumu manake hapo ndipo wengi huponzeka. Gurudumu la saizi kamili, wanaloliita 700c, rimu yake pale tairi inapokaa kipenyo ni milimita 622, la inchi 20 ni 406, na la Brompton ya kawaida, zile za kukunja za Uingereza, ni 349. Sasa chukua hilo la 622 na hilo la 406, yote uyavike tairi ya mili 40, uyapeleke kwa jiwe la sentimita 5. Kubwa lapanda jiwe kama mtu anayeanza mlima wa digrii 31 hivi, dogo digrii 37. Waona ni tofauti ndogo, lakini jiwe si moja, ni mawe kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na kila moja lapitia kwa viganja vyako na kiuno chako. Ata Brompton wenyewe mwaka 2024 walipotoa G Line ya njia mbovu, magurudumu waliyapandisha mpaka inchi 20. Na wazee wetu wa Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo, hawakuendesha inchi 28 kwa urembo, wao walikua na gunia la mkaa nyuma na barabara mbele ilikua ni mashimo tu.

Basi wataka gurudumu kubwa na wataka ikunjike. Hapo ndipo swali langu laja: imekatwa wapi?

Baiskeli yoyote ya kukunja ni baiskeli iliyokatwa ikaungwa tena, usidanganywe na rangi nzuri. Njia ya zamani ni kuikata katikati, kati ya siti na usukani. Waingereza wakati wa Vita vya Pili waliwapa askari wa miamvuli baiskeli ya BSA ya namna hiyo, bawaba mbili kwa fremu zimekazwa na nati za masikio, ukilegeza yakunjika nusu kwa nusu. Kwa vita sawa. Lakini katikati ya fremu ndipo mahali pabaya zaidi kukata, manake uzito wako wakandamiza nyuma, mashimo yasukuma mbele, na kila ukikanyaga pedali fremu yataka kujipinda, yote hayo yakutana pale pale kwa bawaba.

Mie mwenyewe nlikua na moja ya aina hiyo, jina la kampuni nalimeza. Siku moja nateremka kutoka Kwale kuja Kombani, nasikia tk, tk, tk, nkadhani ni spoki, nkaendelea, mara usukani ukaanza kucheza kushoto kulia kama mbuzi aliyekamatwa pembe. Nkaishika breki polepole nkasimama. Nlipofungua ile bawaba nyumbani nkakuta pini yenyewe nzima kabisa, shimo lake ndilo limeliwa, si duara tena, limekua kama yai. Vumbi limeingia mle likafanya kazi ya msasa. Tangu hapo kila baiskeli ya kukunja ikiingia hapa nafanya kitu kimoja kabla ya salamu: nabana breki ya mbele, naweka kidole juu ya mstari wa muungano, nusu ya kidole huku nusu huku, alafu naitikisa baiskeli mbele nyuma. Jicho halioni, lakini kidole chasikia. Ukihisi pande mbili zapishana ata uzi tu, hiyo haiendi changarawe, kwanza itengenezwe.

Walotatua hili kwa akili, kwa maoni yangu, ni Montague wa Marekani. Wao hawakukata bomba la juu katikati, waliifanya fremu izunguke kwa bomba la siti, bomba moja ndani ya jengine, nusu ya mbele yazunguka ikalala kando ya nusu ya nyuma. Bomba refu kama lile lashika vizuri kuliko kibawaba cha sentimita chache, na hapo mahali tayari panene. Ile Paratrooper yao ya magurudumu ya inchi 26 ilitokana na kazi ya jeshi, mwaka 1997 walipata pesa za utafiti kutoka DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani. Ukitaka kuikunja watoa gurudumu la mbele, wafungua kishikizo kimoja, wazungusha, basi. Wenyewe husema sekunde 20. Mie kwa stage ya Likoni, jua la saa saba na manamba anapiga kelele, yanichukua dakika moja na nusu, na cheni lazima initie mafuta kwa suruali.

Ila tusidanganyane, haiwi ndogo. Ikikunjwa ni kama sentimita 90 kwa 70 kwa 30. Mashirika mengi ya ndege huhesabu urefu, upana na kimo yakijumlishwa yasizidi sentimita 158, na hapo tayari una 190. Tena si makosa yao, hesabu yenyewe yakataa: gurudumu la 622 na tairi ya mili 40 ni sentimita 70 kipenyo, sabini mara mbili ni 140, wabakiwa na 18 za unene, na ndani ya hizo 18 uingize fremu, pedali na usukani. Wanaosafiri na ndege huenda kwa baiskeli ya kufungua, sio ya kukunja, kama Ritchey Break-Away ambayo bomba la chini hufungwa kwa kibano na la juu hushikwa na nguzo ya siti, au fremu iliyotiwa viungo vya S&S vyenye meno na nati kubwa ya chuma kisichoshika kutu. Kasha lake ni inchi 26 kwa 26 kwa 10, jumla inchi 62, ndio hizo sentimita 158, na bado tairi ya changarawe lazima uitoe upepo ndipo iingie. Kwa mtu wa feri na matatu hiyo ni adhabu, utakaa kwa stage na spana mpaka matatu tatu zikupite.

Sasa jambo la kwetu Pwani ambalo wanaotengeneza hizi vitu huko kwao hawaliwazi sana, chumvi. Nguzo ya siti ya aluminiamu ndani ya bomba la chuma, upepo wa bahari ukitia unyevu wa chumvi kati yao, aluminiamu yaliwa, yatoa unga mweupe, na ule unga wafura ukashika kama saruji. Mteja wangu wa Nyali aliiweka yake roshani miezi minane bila kuigusa. Nlivuta, nkagonga, nkamwaga maji ya moto, wapi. Mwisho nliikata nguzo kwa juu, nkaingiza msumeno wa chuma ndani nkawa naipasua kipande kipande kutoka ndani, asubuhi nzima. Kwa hiyo baiskeli yoyote ya kukunja hapa, kila mwezi toa nguzo ya siti, pangusa, paka grisi, rudisha. Bawaba nazo grisi nyembamba, uifute na kuibadilisha kila ukitoka vumbini, oili usimwage, yakamata vumbi.

Na kama ina disk breki za mafuta, ukitoa gurudumu la mbele chomeka kipande cha kadibodi kati ya pedi zake. Mtu akibana breki kimakosa garini, pedi zashikana na gurudumu halirudi tena, utakaa Kombani ukizitanua kwa bisibisi.

Kijana akauliza, na kwa matatu yaingia? Yaingia buti, nyuma ya viti vya mwisho, upande wa cheni uuelekeze juu, na nauli ya mzigo mpatane na manamba kabla hujaanza kukunja, sio baada. Alafu beba leso kuukuu ya kuifunga ile cheni. Omba nyumbani kwa adabu, manake buibui la mama wa watu likigusa hiyo cheni, matatu nzima itakua mahakama na wewe utashuka Ng'ombeni.