Mahojiano ya redio hayakuanza kama mazungumzo huru

Wengi wakisikia mtu maarufu akisimulia maisha yake redioni hudhani vipindi hivi vilikuwa hivyo tangu mwanzo: maikrofoni inawashwa, watu wawili wanaongea tu. Sivyo.

Chukua Desert Island Discs cha BBC, kilichoanza Januari 1942. Mgeni hujiwazia yuko peke yake kisiwani, akachagua santuri nane na kueleza kwa nini hizo. Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani, na maneno ya redioni yalikaguliwa kabla ya kurushwa. Kwa hiyo Roy Plomley, mwanzilishi na mtangazaji wake, alizungumza na mgeni kwanza, yakaandikwa maswali na majibu, kisha wote wawili wakayasoma studio. Hata mzaha ulikuwa umeandikwa!

Plomley aliendesha kipindi hadi alipofariki mwaka 1985, na kwa sikio la leo maswali yake ni ya upole mno. Kuchimba utoto, ndoa na misiba kulishika kasi baadaye, kwa watangazaji kama Sue Lawley (1988–2006). Zile santuri nane bado zipo, na mara nyingi ndizo, kuliko swali lolote, zinazomfanya mgeni amtaje mama yake.