Mlango ukifunguka si lazima Mungu awe amesema

Wakristo tunaotaka kwa dhati kuongozwa na Mungu tumerithi imani fulani ambazo Biblia yenyewe haizithibitishi. Nyingine zinatubebesha mizigo ambayo Mungu hakututwika.

Dhana: Mlango ukifunguka, ni Mungu.

Yona aliposhuka Yafa alikuta merikebu inayokwenda Tarshishi, na nauli alikuwa nayo (Yona 1:3). Mambo yalimnyookea mtu aliyekuwa anamkimbia BWANA! Mfalme Sauli, aliyekuwa akimwinda Daudi, alipoingia peke yake katika pango la En-gedi alimojificha Daudi, watu wa Daudi walimwambia Daudi kwamba hiyo ndiyo siku aliyoahidiwa kutiwa adui yake mkononi. Daudi alikata upindo wa vazi tu, na hata hilo likamchoma moyo (1 Samweli 24). Paulo naye anakiri kwamba huko Troa alifunguliwa mlango katika Bwana, lakini akaondoka kwenda Makedonia kwa sababu hakumkuta Tito, mwenzake wa kazi (2 Wakorintho 2:12-13). Kwa hiyo nafasi nzuri ipimwe kama jambo lingine lolote. Je, nikiichukua nitalazimika kudanganya, au kumvunjia mtu ahadi?

Dhana: Nikiwa na amani moyoni, niko katika mapenzi ya Mungu.

Hii ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa kuwa hutumika kufunga mazungumzo. Mtu akishasema "nina amani na jambo hili", nani atathubutu kumuuliza tena? Tumrudie Yona: dhoruba inavuma, mabaharia wanamlilia kila mtu mungu wake, yeye yuko chini ya merikebu amelala fofofo. Kisha tumtazame Yesu pale Gethsemane, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, akisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa (Marko 14:34).

Mungu hutoa amani, sipingi hata kidogo. Lakini utulivu huja pia kwa sababu tumechoka kuwaza, au kwa sababu tumepata tulichokitaka tangu mwanzo. Na anayepaswa kwenda kuomba msamaha huenda tumbo likamvurugika njia nzima, ingawa hana shaka yoyote kwamba Mungu anataka aende.

Dhana: Fungua Biblia popote, mstari utakaokutana nao ndio jibu lako.

Wengi huangukia Yeremia 29:11, ahadi ya mawazo ya amani, wakaichukua kuwa jibu la usaili wa kazi. Maneno hayo yalikuwa katika barua kwa Wayahudi waliohamishwa Babeli. Mstari wa 10 unataja miaka 70, na mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko. Watu wazima wengi walioisikia hawangeishi kuona kurudi. Ahadi hiyo inatufundisha mengi juu ya moyo wa Mungu, ila isomwe pamoja na barua yake nzima.

Dhana: Mtumishi wa Mungu akisema, usihoji.

Soma 1 Wafalme 13. Nabii mzee alidai kwamba malaika amesema naye, kumbe anadanganya. Nabii mwingine, anayeitwa humo mtu wa Mungu, akamfuata, akaliacha agizo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amepewa na Mungu, la kutokula wala kunywa mahali pale, na simba akamuua njiani. Yohana anatuagiza kuzijaribu roho (1 Yohana 4:1), na agizo hilo ni kwa waumini wote.

Kuhusu kutega ishara kama Gideoni, aliyetandika ngozi ya kondoo na kumwomba Mungu umande uwe juu yake tu, nitasema moja tu: Mungu alikuwa ameshamtuma kabla ngozi haijatandikwa (Waamuzi 6:14).

Dhana: Kuna jibu moja tu sahihi, na nikilikosa nimeharibu maisha.

Paulo anasema mjane yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu (1 Wakorintho 7:39). Mpaka upo, na ndani yake kuna uhuru. Miongoni mwa yale Maandiko yanayoyaita waziwazi mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwetu na kushukuru kwa kila jambo (1 Wathesalonike 4:3, 5:18).

Na kanisa la kwanza lilipokwama juu ya tohara ya watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, viongozi walikutana Yerusalemu, wakahojiana sana, wakawasikiliza Petro, Barnaba na Paulo wakieleza Mungu alivyotenda, na Yakobo akayapima hayo kwa maneno ya manabii. Baada ya kazi hiyo yote ndipo walipoandika: "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi" (Matendo 15:28).